Wifi Haitwi Shemeji

"Maji yako ndiyo yaliyomuua karani wa watu, na utayajibu."

"Maji yangu yapi? Uliniona na ndoo?"

"Nani mwingine anafua kwenye ghorofa hii? Mimi nasuka nywele. Wewe ndiye unayelowesha mapazia ya watu kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili."

"Mapazia nayaanika juu, dada. Juu kabisa. Ngazi ya nyuma napita mikono mitupu."

Inspekta aliwaacha waendelee. Alikuwa amesimama vidato vinne chini yao, mgongo ukutani, kijitabu kimefungwa. Watu wanaogombana husema mengi kuliko watu wanaohojiwa, na hawasubiri kuulizwa.

Aliyeshika kiuno, kitana kimechomekwa kichwani, alikuwa msusi wa ghorofa ya pili. Jengo zima lilimwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona mahali anapozimwa. Mwenzake, aliyejibanza kwenye mlango wake mwenyewe, alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni. Ncha za futi hiyo zilikuwa zikitikisika, na upepo haukuwapo.

Juzi saa nane mchana, karani wa wakili wa ghorofa ya tatu alishuka ngazi hii kwenda kutafuta chakula. Walimkuta chini, shingo imegeuka upande usiogeuka. Askari wa zamu aliandika mstari mmoja: ameteleza, maji ya kufulia. Jambo lingeishia hapo kama wakili mwenyewe asingempigia Inspekta simu asubuhi hii. Hakusalimia. Alisema tu, "Huyo karani alikuwa shahidi. Njoo kabla hawajampata wa pili."

"Hayo maji mliyaona?" Inspekta aliuliza.

Wote wawili waligeuka kama wanafunzi waliofumwa.

"Hayakuwa maji hasa, afande," Redio alisema, sauti imeshuka nusu. "Yalikuwa mazito, kama uji uliolala. Yamepakwa."

"Yamepakwa au yamemwagika?"

"Yamemwagika. Lakini yamemwagika kwa adabu. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kikavu."

"Nani alisafisha?"

"Mimi. Maiti imeondoka, askari ameandika, watoto wanapita hapa, ningefanyaje? Nilikomba kwa kipande cha bati."

"Ukatupa wapi?"

Redio alitazama kucha zake. "Sabuni haitupwi, afande."

Fundi alicheka. Kicheko kilitoka kifupi, kikakatika, akaziba mdomo kama aliyetukana msibani.

Kopo lililetwa. Lilikuwa la maziwa ya unga, limejaa nusu. Inspekta alilisogeza dirishani, akachovya kijiti, akanusa. Akanusa tena.

"Haina harufu."

"Huo ndio ubaya wake. Masufuria inang'arisha mpaka unajiona. Ila inakula mikono." Redio alinyoosha vidole. Ncha zake zilikuwa nyekundu, ngozi imechunika vipande vipande.

Inspekta aliandika. Sabuni isiyo na rangi wala harufu haikai rafu ya duka lolote. Hukaa kwenye tangi la kiwandani kabla ya kutiwa manukato, wakati magadi yake bado makali. Mtu hawezi kuinunua. Lazima aichote.

"Ngazi hii anapita nani?"

"Wengi tunapita mbele," Redio alisema. "Huku ni karani na huyu hapa. Saa nane kamili wanashuka pamoja kama wamepigiwa kengele. Watu walishaanza kusema."

"Watu ni wewe," fundi alisema.

"Na juzi mlishuka pamoja?"

"Juzi sindano ilinivunjikia." Fundi alishika futi kwa mikono miwili. "Alinigongea. Nikamwambia atangulie, nabadilisha sindano nakuja. Nikasikia kishindo. Nilidhani ameangusha kitu."

Inspekta alitazama mlango, kisha vidato. Kile cha kwanza kilianzia pale pale kizingitini, hatua moja kutoka zilipowekwa kandambili za fundi. Mtu aliyeinama hapa na kopo alikuwa karibu kiasi cha kusikia cherehani ikinguruma ndani.

Redio aliushusha mkono kiunoni. "Kwa hiyo hayakuwa maji yake."

"Yalikuwa yake," Inspekta alisema. "Aliwekewa."

Redio, ambaye dakika tano zilizopita alitaka mwenzake afungwe, alivua kanga ya begani akamfunika nayo fundi, ingawa hapakuwa na baridi.

"Mbali na karani, nani anajua kwamba unaishi hapa?"

"Wateja. Na jana kuna mtu alipiga simu. Akaniuliza, wewe ndiye fundi wa ghorofa ya pili? Nikasema ndimi. Akakata. Leo asubuhi nimekuta kandambili zangu zimegeuzwa. Mimi nazielekeza ukutani, afande. Nimezikuta zinatazama ngazi."

"Chukua funguo. Tunapanda kwa wakili. Usitembee hatua moja bila mimi."

Walipanda kwa ngazi ya mbele, Inspekta akitangulia, fundi katikati, na Redio nyuma yao bila kualikwa na mtu.

*

Nje ya ofisi ya wakili palikuwa na benchi moja, na kwenye benchi mzee mmoja mnadhifu, kofia ya pama magotini. Alipowaona wanawake alisimama mara moja, akapisha nafasi.

"Kaeni, mama zangu. Poleni sana na msiba wa jirani."

Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kiwandani, wakili alisema baadaye, wafanyakazi walimwita Bwana Taratibu.

"Wewe ni nani wake marehemu?" Inspekta aliuliza.

"Marehemu yupi? Karani simjui sana. Yule mwenye kiwanda cha sabuni alikuwa mbia wangu. Na mke wangu ni mdogo wake wa tumbo moja. Nimekuja kuuliza saa ya mahakama kesho."

"Juzi mchana ulikuwa wapi?"

"Kiwandani. Nilikuwa na mtoto wa marehemu, yule wa kiume, mpaka saa saba. Halafu yeye akachukua gari akatoka." Aliipangusa kofia vumbi ambalo halikuwepo. "Sipendi kumsema vibaya mtoto nisiyemzaa. Umeuliza, nimejibu."

"Alikwenda wapi?"

"Angeniambia, ningekuambia." Alimgeukia fundi, akatabasamu. "Mama, unatetemeka. Utakuwa hujala."

Fundi alijisogeza nyuma ya Redio.

"Nitasubiri hapa," Bwana Taratibu alisema, akaketi. "Sina haraka."

*

Wakili alijulikana mtaani kama Mama Mihuri. Kazi yake ilikuwa wosia na kampuni: nani amrithi nani, nani aingie ubia na nani, na watakosana vipi bila kuuana. Mihuri yake saba ilipangwa mezani kwa ukubwa. Pembeni palikuwa na kiti cha karani, sweta lake bado limening'inia mgongoni pa kiti.

"Miaka ishirini na moja naandikia watu wosia," alisema. "Nimefiwa na wateja, ndiyo kazi yenyewe. Sijawahi kufiwa na shahidi."

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyesoma," Inspekta alisema.

"Mwenye kiwanda, Mzee Povu, alikuja mwezi wa pili. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia, kalamu haishikiki. Akataka hisa zake zote ziende kwa binti yake mdogo, yule anayesomea kemia. Nikaandika, karani akamsomea, mzee akabonyeza dole gumba la kushoto. Mashahidi wawili: karani, na fundi hapa, niliyemwita kwa sababu si ndugu, si mfanyakazi, wala hapati hata kijiko kwenye mali ile. Wiki tatu zilizopita mzee akafariki hospitalini. Hicho ni kifo cha Mungu, usikichunguze."

"Kwa nini hukushuhudia wewe?"

"Mimi ndiye msimamizi wa mirathi, na mkataba wa kampuni nimeuandika mimi. Hakimu ataniuliza nimevaa kofia ngapi. Sasa wosia umewekewa pingamizi: eti mzee hakuwa na akili timamu, kidole kilishikwa kikabonyezwa. Kesho saa tatu asubuhi lazima mtu aape kwamba alimwona mzee akisomewa, akaelewa, akabonyeza mwenyewe. Dole gumba halina mdomo."

"Na asipotokea mtu?"

"Wosia unaanguka. Tunarudi kwenye mkataba wa kampuni. Nusu ya hisa anachukua mbia aliyebaki, nusu mtoto wa kiume aliye kazini. Binti anabaki na picha ya baba yake."

"Wanaofaidi ni wawili, basi."

"Wawili. Na wote wawili wana funguo za matangi."

Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. "Mama, mimi nisiende. Nitasema sikumbuki."

"Ukisema hukumbuki hapa chumbani, nani atamwambia yeye?" Inspekta alisema. "Atakuja tu. Utakuwa salama ukishaapa. Maneno yako yakishaandikwa mahakamani, kukuua hakumsaidii chochote. Mpaka saa tatu kesho, kunamsaidia."

Fundi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

"Nani alijua majina ya mashahidi?" Inspekta aliuliza. "Wosia ulikuwa wapi?"

"Kwenye kabati la chuma, ndani ya bahasha, na lakiri juu." Mama Mihuri alifungua mtoto wa meza. "Uvujaji ni huu. Barua ililetwa nikiwa nje siku mbili. Karani, Mungu amrehemu, aliamini kila mtu anayeandika 'tafadhali'. Akapiga simu, akawasomea majina yote mawili na ghorofa zao. Aliniambia Jumatatu, akidhani katenda wema. Imesainiwa na mjane. Nimemuuliza mjane, ameapa hajui lolote. Namba yenyewe haipatikani tena."

Inspekta aliisoma kwa sauti.

"Wakili mheshimiwa. Mimi ni mjane wa mwenye kiwanda. Nimesikia marehemu mume wangu aliacha wosia wenye mashahidi wawili. Mimi na shemeji, yaani dada mkubwa wa marehemu, tungependa kuwafahamu mashahidi hao, ili tuwashukuru kwa heshima waliyompa mgonjwa wetu. Tafadhali mpigie mleta barua kwa namba iliyo hapa chini."

"Imepigwa chapa kwenye duka lolote," wakili alisema. "Nimeikagua mara ishirini. Tarehe, karatasi, saini. Saini ni mkwaruzo tu. Nadhani ni mtoto wa kiume, yeye ndiye mwenye hasira."

"Rudia hapo katikati," Redio alisema.

Walikuwa wamesahau kwamba yupo. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, kitana bado kichwani.

"Wapi?"

"Hapo penye shemeji."

"Mimi na shemeji, yaani dada mkubwa wa marehemu."

"Hiyo barua haikuandikwa na mwanamke."

Inspekta alinyanyua macho.

"Mwanamke gani anamwita dada wa mumewe shemeji?" Redio alisema. "Huyo ni wifi. Mimi wangu hatujaongea mwaka wa tatu huu, na bado ni wifi. Tena nikimkasirikia ndiyo kwanza naliita lote kwa kirefu, wii-fi."

Mama Mihuri alivua miwani, akaishika mkononi muda mrefu. "Nimeisoma kama wakili," alisema. "Sikuisoma kama wifi."

Inspekta alichukua karatasi tupu, akaandika katikati: dada mkubwa wa marehemu. Akaizungushia duara.

"Mjane angemwita wifi. Mtoto wa kiume wa marehemu angemwitaje?"

"Shangazi," wanawake wote watatu walisema.

"Kwa hiyo angeteleza, angetelezea kwenye shangazi. Mwandishi huyu alijifanya mjane kila mahali. Mume wangu, mgonjwa wetu. Lakini alipofika kwa mtu anayekaa naye kila sikukuu, mkono ukaandika ulivyozoea mdomo." Alipigia mstari neno moja. "Nani anamwita shemeji?"

Ni fundi aliyejibu, kwa sauti ndogo sana.

"Mwanamume aliyemwoa mdogo wake."

Chumba kizima kiligeuka kutazama mlango. Ulikuwa umerudishiwa, haukufungwa. Mwanga wa veranda ulipita kwenye upenyo wake, mwembamba kama uzi.

Inspekta alivuka chumba bila kukanyaga mbao zinazolia, akauvuta mlango. Benchi lilikuwa tupu. Aliweka kiganja juu ya ubao pale alipokuwa amekaa mzee. Ulikuwa na joto.

Ngazi ya mbele ilikuwa kimya. Ngazi ya nyuma pia. Alisimama akihesabu pumzi zake, akisubiri kusikia hatua zikishuka, na hakusikia hatua yoyote.

*

Kituoni walisema gari lipo ila dereva ametoka. Nusu saa, au zaidi kidogo. Inspekta alikuja kutazama ngazi, hakuja vitani. Bastola yake ilikuwa imefungiwa kabatini huko huko kituoni.

"Ofisini tubaki," wakili alisema.

"Mlango wako unavunjika kwa teke moja."

"Kwangu mimi, basi," Redio alisema. "Tena kwangu hapakosi watu. Akitaka kumfanya mtu kitu kwangu, itabidi apange foleni."

Wakili aliubeba wosia ndani ya begi, akalibana kwapani, wakateremka wote wanne wakiwa wameshikana kama watu wanaovuka mto. Kila kona Inspekta alisimama, akachungulia, akawaashiria. Kwenye kona ya mwisho fundi aligoma kuinua mguu. Alikuwa anatazama sakafu.

"Ni kavu," Inspekta alisema. Aliinama, akaupitisha mkono mbele yake. "Tazama. Kavu."

Hakuna sebule ndogo iliyowahi kubeba watu wengi vile. Wateja wawili wenye nywele zilizosukwa nusu, dada yake Redio na mtoto mgongoni, watoto wengine watatu wakigombea mto mmoja, televisheni inaongea peke yake. Mkeka ulikuwa umetandikwa, sinia mbili zinafuka moshi.

"Huyu mgeni wangu," Redio alitangaza. "Asiulizwe kitu, ale tu. Na mlango wa mbele mtu asiufungue, hata akija nani. Mmenisikia?"

Walisikia. Wateja walitazamana, wakameza maswali yao pamoja na tonge. Fundi alikalishwa mwisho wa mkeka, ukutani, mbali na dirisha. Alitiwa chakula mkononi. Akakishika tu.

Inspekta alikagua. Dirisha moja, lina nondo. Mlango wa nyuma unatokea kwenye ngazi ile ile ya nyuma. Alilisukuma komeo, akajaribu mara mbili. Simu ilikuwa haishiki humo ndani kwa sababu ya zile kuta. Ilishika jikoni tu, kwenye kona ya dirisha dogo, hatua saba kutoka sebuleni.

"Nipo hapo," alimwambia wakili. "Usiondoke pembeni mwake."

Alipiga. Dereva alikuwa amerudi, walikuwa wanatafuta funguo. Inspekta aliwaeleza tena kwa utaratibu: mzee mnadhifu, kofia ya pama, asiruhusiwe kutoka kwenye jengo. Akawapa anwani ya kiwanda. Akawaambia wachote sampuli ya tangi lisilotiwa manukato. Mwenzake upande wa pili alikuwa anaandika, akamwomba arudie jina la mtaa.

Ndipo sebule iliponyamaza.

Watoto walinyamaza kwanza. Kisha mtu akaipunguza televisheni. Inspekta akasikia: mlango wa mbele ukigongwa, mara tatu, kwa kifundo kimoja cha kidole, taratibu.

Aliiacha simu dirishani ikiwa bado inaongea. Hatua saba. Alipofika kizingitini aliona watu wote wameganda, mikono juu ya sinia, na Redio amenyoosha kiganja akiwazuia wasipumue.

Mtu mmoja hakuwa ameambiwa. Mama mkwe wa Redio, aliyefika mchana huo kutoka safari na kwenda moja kwa moja kuoga, alitoka bafuni kupitia ujia wa mbele, maji bado yanamtiririka masikioni. Alikuwa mtu wa kufungua milango tangu ujana wake. Redio aliinua mkono kumwita. Sauti haikutoka, mara ya kwanza jengo hilo kumwona amezimwa.

Komeo lilivutwa.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti laini.

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kwa usumbufu. Nimeambiwa fundi cherehani yupo huku."

Mama mkwe aligeuka, akatazama sebule yenye watu wote wale, akatabasamu kwa fahari ya nyumba iliyojaa. Bwana Taratibu alisimama nyuma yake, viatu tayari kwenye mkono wa kushoto. Kofia aliishikilia tumboni, na mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya kofia hiyo, hauonekani. Macho yake yalipita juu ya wateja, juu ya watoto, yakatua ukutani.

Kati ya Inspekta na mlango palikuwa na sinia mbili na watoto watatu. Aliukanyaga ukingo wa mkeka.

"Fundi yupo, huyo pale," mama mkwe alisema, akimshika mgeni kiwiko na kumvuta ndani. "Umetukuta tunakula, mwanangu. Sogeeni huko. Karibu, kaa hapo kando yake, ule."